MATUMBO YA NGURUWE NI HAZINA YA MFUGAJI
Viungo vya asili katika chakula, na namna ya kuvitumia kwa akili

Kila mtu afugaye nguruwe ajua kwamba kuna wiki moja iliyo ya hatari kupita zote, nayo ni ile ifuatayo siku ya kuwaachisha watoto ziwa. Jana mtoto wa nguruwe alikuwa mnene, akirukaruka na wenziwe. Leo amejikunja pembeni mwa banda, mkia umelowa kwa kuhara na macho yameingia ndani. Na kesho huenda akaonekana amekufa. Mwenye mali amekwisha kumlisha mama kwa siku 114 za mimba, ndiyo miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu kama wafugaji wanavyohesabu, kisha akamlisha tena wakati wa kunyonyesha. Sasa karo ya shule aliyoitazamia inazikwa shimoni.

Katika taabu hiyo watu wengi hukimbilia dukani na kununua dawa yo yote wapewayo. Wengine wameanza kusikia habari za viungo vya asili, kama vile kitunguu saumu, makaa, hamira na maziwa ya mgando, ambavyo husemwa kwamba vikitiwa katika chakula huyatunza matumbo ya nguruwe. Je, maneno hayo ni ya kweli? Baadhi yake ni kweli tupu, baadhi ni kweli nusu, na baadhi ni maneno ya biashara tu. Kusudi la makala haya ni kumsaidia msomaji apambanue. Hata yule asiyefuga nguruwe wala asiyekula nyama yake asipite haraka. Maana habari hii, kama itakavyoonekana, yamhusu yeye na watoto wake pia.

Matumbo yafanyavyo kazi

Nguruwe hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake ni moja, mfano wa tumbo la binadamu. Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa nguruwe mkubwa una urefu wa mita 15 hadi 20. Upande wa ndani utumbo huo umefunikwa na vijinyuzi vidogo mno, vimesongamana kama nyuzi za taulo. Vijinyuzi hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula na kukipeleka katika damu. Vikiwa virefu na vyenye afya, nguruwe hunenepa. Vikiwa vifupi na vilivyochakaa, chakula kingi hupita bure, na shilingi za mfugaji hupita pamoja nacho.

Mbele ya hapo uko utumbo mpana, ambamo mnaishi vijidudu visivyohesabika. Watu wengi wakisikia neno vijidudu hudhani kwamba vyote ni adui. Sivyo. Vingi ni rafiki. Husaga zile nyuzinyuzi za chakula ambazo nguruwe mwenyewe hawezi kuzisaga, hutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo, na tena hukalia nafasi zote hata adui akose pa kukaa. Ni kama kijiji kilichojaa wenyeji: mwivi akija hakuti nyumba tupu.

Kwa nini mtoto huharisha?

Porini nguruwe huwaachisha watoto wake polepole, na hupata hata miezi mitatu au zaidi kabla hawajaacha maziwa kabisa. Katika mashamba makubwa ya siku hizi watoto huachishwa wakiwa na wiki 3 au 4 tu. Wafugaji wadogo wengi hungoja zaidi, nao hufanya vema.

Siku hiyo ya kuachishwa, mambo manne humpata mtoto kwa mara moja. Ananyang'anywa mama, ananyang'anywa maziwa yenye kinga, anapewa chakula kikavu asichokizoea, na mara nyingi anatiwa katika banda geni pamoja na watoto asiowajua, wakapigana. Kwa huzuni na woga hukaa siku nzima au zaidi bila kula. Kwa kukosa chakula, vile vijinyuzi vya utumbo hupungua urefu katika siku chache. Kisha njaa humzidi, akala kwa pupa, na chakula kisichosagika kikashuka chini na kuwa karamu ya vijidudu vibaya.

Liko jambo la pili. Tumbo la nguruwe mkubwa lina asidi kali iuayo vijidudu vingi viingiavyo kwa njia ya kinywa. Mtoto hana nguvu hiyo bado. Wakati anaponyonya, vijidudu rafiki huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, ile ile ifanyayo maziwa ya mgando yawe machachu, nayo humlinda. Maziwa yakikoma, ulinzi huo hupungua, na mlango huachwa wazi. Hapo ndipo aingiapo adui mkuu, kijidudu kiitwacho E. coli. Baadhi ya aina zake hujishikiza katika ukuta wa utumbo na kutoa sumu ambayo huyavuta maji ya mwili na kuyamwaga ndani ya matumbo. Mtoto hafi kwa tumbo kuuma. Hufa kwa kukaukiwa na maji.

Dawa zilizotumiwa, na yaliyotokea

Katika miaka ya mwisho ya 1940 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba kuku na nguruwe waliotiliwa dawa kidogo ya antibiotiki katika chakula walikua upesi zaidi. Desturi hiyo ilienea katika nchi nyingi. Dawa ambayo yapasa kumponya mgonjwa ikawa inaliwa kila siku na wanyama wazima, kama chumvi.

Lakini vijidudu vina hila. Dawa ikitolewa kidogo kidogo kila siku, vile vilivyo dhaifu hufa, na vile vyenye nguvu hubaki na kuzaana, mpaka dawa ile isifae tena. Tena vijidudu hupashana siri hiyo ya kuishinda dawa, na havijali kama vimo katika nguruwe au katika mtu. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba wameona katika nguruwe na katika watu vijidudu vilivyobeba silaha mpya ya kuishinda kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Mwaka 2017 China ilikataza kolistini isitumiwe kukuza wanyama. Msomaji asiyefuga nguruwe sasa ameona kwa nini habari hii yamhusu: siku mtoto wake atakapolazwa hospitalini, dawa atakayochomwa yaweza kuwa ilikwisha haribiwa nguvu mabandani.

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuza wanyama mwaka 1986. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zilifuata tarehe 1 Januari 2006. Hapa Kenya, Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vijidudu mwaka 2017. Wengi wa Ulaya walikuwa wamekimbilia unga wa zinki, ambao huzuia sana kuharisha ukitiwa kwa wingi katika chakula. Nao ukaonekana una ila: zinki haiozi, hutoka na mavi ya nguruwe na kurundikana katika udongo wa mashamba, na tena husaidia kuvikuza vijidudu sugu. Umoja wa Ulaya uliikomesha desturi hiyo katika Juni 2022.

Basi kwa kuwa milango hiyo miwili imefungwa, ndipo watu walipoanza kutafuta kwa bidii viungo vya asili.

Viungo vyenyewe

Viungo vilivyo vingi vyaweza kugawanywa katika mafungu matano.

Fungu la kwanza ni asidi, yaani vitu vichachu. Asidi ya maziwa, ya malimau na nyinginezo hulisaidia tumbo changa la mtoto ambalo halijawa na ukali wake. Tena baadhi ya asidi hupenya ndani ya kijidudu kibaya na kukidhoofisha huko huko ndani. Hili ndilo fungu ambalo faida yake imeonekana mara nyingi zaidi katika majaribio. Lakini asidi kali zinazouzwa kwa wenye viwanda vya chakula huunguza ngozi na macho, wala hazifai kushikwa na mtu asiyefundishwa.

Fungu la pili ni vijidudu rafiki vyenyewe, ambavyo hutiwa katika chakula vikiwa hai: vile vya maziwa ya mgando, na hamira. Hivi ni kama wenyeji wanaopelekwa kukalia nyumba tupu kabla mwivi hajafika. Husaidia zaidi vikitolewa mapema na kila siku, si mara moja tu baada ya ugonjwa kuingia. Na vikichanganywa na maji ya moto au na antibiotiki, vingi vyao hufa, na fedha zimepotea.

Fungu la tatu ni vyakula vya vijidudu rafiki, yaani nyuzinyuzi. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto wa nguruwe asipewe nyuzinyuzi hata kidogo. Siku hizi imeonekana kwamba kiasi kidogo cha pumba za ngano husaidia, kwa sababu huyapa matumbo mwendo mzuri na huzuia E. coli kujishikiza. Neno lililo muhimu ni kiasi: mtoto akijazwa pumba tupu hukonda.

Fungu la nne ni mimea yenye harufu kali: kitunguu saumu, mdalasini, na majani kama oregano, ambayo Wazungu huyatia katika mchuzi. Mafuta yake huua vijidudu katika chupa ya mtaalamu. Hapana ubishi juu ya hilo. Lakini tumbo la nguruwe si chupa. Mafuta hayo hunyonywa mapema kabla hayajafika mbali, na nguvu ya mmea hubadilika kwa kufuata udongo, mvua na wakati wa kuvunwa. Ndiyo sababu majaribio mengine yameonyesha faida, na mengine hayakuonyesha kitu. Pengine faida iliyo ya hakika ni kwamba harufu hiyo humvuta mtoto ale. Mwenye kitunguu saumu shambani aweza kukijaribu kwa kiasi kidogo. Lakini asiuze mbuzi ili anunue chupa ya mafuta yenye picha nzuri. Na ajue kwamba kitunguu saumu kikizidi huweza kuitia nyama ladha yake.

Fungu la tano ni udongo na makaa. Uko udongo maalumu uitwao bentonaiti ambao hushika sumu ya ukungu wa mahindi, iitwayo aflatoksini, na kutoka nayo kwa njia ya mavi. Sumu hiyo si jambo la mchezo: mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki na kati za Kenya kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Watu wengi hula mahindi mazuri na kumtupia nguruwe yaliyooza, wakidhani kwamba yeye ni wa kula takataka. Nguruwe huumia ini, hukonda na hukosa kinga. Udongo huo husaidia, lakini hauondoi kila aina ya sumu ya ukungu. Mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri ni bora kuliko udongo wo wote. Makaa ya mti yaliyosagwa nayo hushika baadhi ya sumu, lakini yakitolewa kila siku huweza kushika hata vitu vinavyomfaa mnyama.

Chakula kilichochachushwa

Katika hayo yote, liko jambo moja ambalo mfugaji mdogo aweza kulifanya mwenyewe, nalo si geni kwetu. Bibi zetu walijua kuuchachusha uji, na kuyaweka maziwa katika kibuyu mpaka yagande, nao waliona kwamba vitu hivyo havikuharibika upesi wala havikuwaumiza watoto matumbo. Wafugaji wa Denmark na Uholanzi hufanya mambo yale yale kwa mapipa makubwa. Chakula kilichochachushwa kina asidi, kina vijidudu rafiki, na kimelainika. Yaani mafungu mawili ya kwanza yamo ndani yake bila kununua kitu.

Namna yake ni hii. Chukua pipa au ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Usitumie chombo cha bati, maana asidi hulila bati. Tia sehemu 1 ya unga wa chakula cha nguruwe kwa uzani na sehemu 2½ hadi 3 za maji safi. Ongeza maziwa kidogo ya mgando ambayo hayakuchemshwa baada ya kuganda, ili yawe mbegu. Koroga, funika, weka mahali penye joto la kadiri. Usiwalishe nguruwe siku ile ile. Katika siku za kwanza, kabla uchachu haujakolea, vijidudu vibaya navyo huzaana. Kwa hiyo ngoja siku 3 au 4 mpaka harufu iwe ya uchachu mzuri kama wa uji. Toka hapo, kila utoapo nusu ya kulisha, rudisha unga na maji kwa kiasi kile kile. Nusu iliyobaki ndiyo mbegu ya kesho. Basi ngoja angalau saa 8 kabla ya kutoa tena.

Kikinuka pombe kali au uvundo, au kikiota ukungu, mwaga chote, sugua chombo, uanze upya. Na watoto wazoeshwe kidogo kidogo. Chakula kipya kikiletwa ghafula ndicho chenyewe chanzo cha kuharisha.

Mambo yatanguliayo viungo

Kiungo ni mfano wa chumvi katika mboga: huikoleza mboga iliyopo, lakini hakiwi mboga. Mfugaji asiyetimiza mambo yafuatayo asitupe fedha zake kwa viungo.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga yo yote katika damu. Kinga yake ya kwanza imo katika maziwa ya kwanza ya mama, nayo hupenya matumbo katika siku ile ya kwanza tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Kwa hiyo hakikisha kwamba kila mtoto, hata yule mdogo kabisa, amenyonya katika saa za mwanzo. Tena maziwa ya nguruwe yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto afugwaye juu ya sakafu ya saruji apigwe sindano ya chuma katika siku zake za kwanza.

Usiharakishe kuachisha. Mtoto wa wiki 5 au 6 ana tumbo lenye nguvu kuliko wa wiki 3. Anza kumwonjesha chakula kikavu angali ananyonya, na ukiweza, siku ya kuachisha mwondoe mama, uwaache watoto katika banda lao walilolizoea. Uwape maji safi wakati wote na majani makavu ya kulalia, hasa katika sehemu za baridi kama Limuru na Molo. Katika wiki ya kwanza usiwajaze chakula chenye protini nyingi, kama unga wa samaki. Protini isiyosagika hulisha E. coli. Na maharagwe ya soya yasitolewe mabichi kamwe, maana yana kitu kizuiacho usagaji wa chakula. Yachomwe au yachemshwe kwanza.

Jambo moja kubwa lisisahauliwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1921 na daktari Montgomery kutokana na vifo vya nguruwe hapa Kenya, haiponywi kwa kitunguu saumu, wala asidi, wala antibiotiki. Nguruwe wakubwa kwa wadogo wakishikwa na homa kali, ngozi ikawa nyekundu masikioni na tumboni, na wakafa wengi kwa mara moja, hilo si tatizo la matumbo tu. Usiwauze, usiwachinje, usiwahamishe. Mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Na makombo ya jikoni au ya hoteli lazima yachemshwe vizuri kabla ya kulishwa nguruwe, kwa sababu ugonjwa huo hukaa katika nyama.

Vilevile, asilani asielewe mtu kwamba mtoto mgonjwa aachwe bila dawa. Aliyeshikwa na kuhara apewe maji yenye chumvi na sukari kidogo, na daktari wa mifugo aitwe. Akiandika antibiotiki, itolewe kwa kiasi na kwa siku zote alizozitaja, na nyama isiuzwe mpaka siku za kungoja zimalizike. Antibiotiki ni dawa ya mgonjwa. Tunachokataa ni kuigeuza chakula.

Pima mwenyewe

Muuzaji akikuletea kiungo kipya na sifa nyingi, usimkatae wala usimsadiki; mpime. Tuseme una watoto 10 wa mama mmoja. Wagawe 5 kwa 5, wenye uzito uliokaribiana. Wape wote chakula kile kile, ila watano tu watiliwe kiungo. Wapime kwa mizani siku ya kwanza na baada ya wiki mbili, ukaandike pia ni wangapi waliohara na ni chakula kiasi gani kilicholiwa. Rudia hivyo kwa mizao miwili au mitatu, maana mzao mmoja waweza kudanganya. Kisha linganisha bei ya kiungo na thamani ya uzito ulioongezeka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfugaji afanyaye hivyo, akasafisha banda lake, akachachusha chakula chake na kuwapa watoto muda wa kukomaa, ataona kwamba ile wiki ya hatari imekuwa wiki kama nyingine. Na dawa asiyoitumia leo bila sababu itakuwa bado na nguvu siku atakapoihitaji kweli, yeye au jirani yake.